Mpaka wa Shamba Langu

Mara nyingi sisi walimu huandika juu ya makosa ya watu wengine. Leo napenda kuandika juu ya kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha jinsi ardhi ya watu wote inavyolindwa, na jinsi inavyopotea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mbozi, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Vwawa. Nchi yetu ni ya mwinuko, yenye baridi na udongo mzuri, nasi twalima kahawa, mahindi na maharage. Chini ya kijiji liko bonde lenye chemchemi, na kandokando yake umebaki msitu wa mikusu na mininga. Si msitu mkubwa. Mtu aweza kuuzunguka kwa saa moja. Lakini humo wamo pongo, tumbili, nungunungu na kanga wengi, na kiangazi kinapokuwa kikali, ndimo mnamobaki maji. Zamani mtu hakuthubutu kukata mti karibu na chemchemi ile. Hakuwako askari wala hapakuwa na karatasi. Wazee walikataza, ikatosha.

Shamba langu, nililorithi kwa baba, lapakana na msitu huo. Mwaka wa kwanza nalilima mpaka pale alipokoma baba. Mwaka wa pili naliongeza tuta moja, nikajiambia, "Tuta moja si kitu." Mwaka wa tatu nikaongeza jingine. Nikaendelea hivyo miaka minane, hata nikapata kama nusu eka isiyokuwa yangu. Na katika miaka hiyo yote nalikuwa nikiwafundisha watoto faida ya kutunza miti. Asubuhi nalifundisha, jioni nalifyeka.

Basi mwaka 1999 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Wilaya ya Mbozi, ambayo wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya, kabla Mkoa wa Songwe haujaundwa mwaka 2016, ikachaguliwa kuwa wilaya ya majaribio ya sheria hiyo. Wapimaji wakaja na vyombo vyao, na kila kijiji kikatakiwa kuonyesha mipaka yake na jirani zake, kisha mashamba ya watu, kisha ardhi ya wote.

Yafaa nieleze maana ya sheria hiyo, kwa kuwa wengi huishika karatasi wasijue nguvu yake. Halmashauri ya Kijiji si mwenye ardhi. Yaisimamia kama mdhamini asimamiavyo mali ya yatima. Haina ruhusa kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji, na katika mkutano huo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana sauti, mwanamke na mwanamume. Mtu aweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Na ile ardhi ya wote, kama msitu, malisho na chemchemi, huandikwa katika daftari yake peke yake, isipate kugawiwa kama mashamba. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku ya kutembea mpaka wa msitu, mimi nalichaguliwa kuwa mwandishi, kwa kuwa ni mwalimu. Tulipofika shambani kwangu, mpimaji akauliza, "Mpaka ni hapa?" Watu wakanitazama. Nikasema, "Ni hapa," nikaanza kuandika. Ndipo bibi mmoja mzee, jirani yetu tangu enzi za baba, akauonyesha kwa mkongojo wake mninga uliosimama katikati ya mahindi yangu, akasema kwa upole, "Mwanangu, mti ule baba yako aliuacha ndani ya msitu. Alikuwa akipumzika kivuli chake, kisha hurudi nyuma kulima."

Hakusema zaidi ya hayo, wala hakuna aliyenicheka. Nalikuwa na kalamu mkononi, na maneno "ni hapa" nalikwisha kuyaandika. Nalifikiri ada za shule za watoto wangu, na magunia nitakayoyakosa. Nikafikiri pia ya kuwa wako wenzangu wengi waliopakana na msitu, na kila mmoja alikuwa akingoja aone nitakalofanya, ili naye afanye lilo hilo. Nikayafuta maneno yale, nikasema, "Bibi asema kweli. Mpaka ni nyuma ya mninga." Jioni mke wangu alilia, nami sikuwa na la kumjibu. Lakini walionifuata siku ile, watatu walirudisha mipaka yao wenyewe kabla ya kuulizwa.

Miaka michache baadaye alikuja mfanya biashara, akitaka kuununua msitu achome mkaa. Fedha alizotaja zilikuwa nyingi kuliko zote tulizopata kuziona kijijini. Mbiu ya mgambo ikalia, tukakutana. Kijana mmoja akasimama akauliza, "Wazee mna mashamba. Sisi vijana tutalima wapi, nanyi mmewawekea pongo ardhi?" Swali lile lilikuwa la haki, na hata leo sijapata jibu lake lote. Mzee mmoja akamjibu, "Mjukuu wangu, tukiuuza, fedha zitagawanywa mara moja, na maji yatakauka milele. Wewe ndiwe utakayeishi miaka mingi bila maji." Watu wakainua mikono, waliokataa kuuza wakawa wengi. Lakini mkutano uliagiza pia vijana waruhusiwe kuweka mizinga ya nyuki msituni, nao sasa huuza asali.

Wala si sisi tu. Katika bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu, Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya jamii nzima, wakailinda nchi yao isimezwe na mashamba na mifugo ya wageni. Katika mbuga za Simanjiro, ambako nyumbu na punda milia wa Tarangire huja kuzaa wakati wa mvua, wanakijiji wa Terrat walipatana na makampuni ya watalii: wao wasizilime mbuga zile, nayo makampuni yawalipe kila mwaka, na ng'ombe wao wakaendelea kuchunga humo. Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, watu weusi waliunda mwaka 1969 udhamini wa ardhi ulioitwa New Communities, wakashika maelfu ya eka kwa pamoja. Lakini ukame na madeni viliwashinda, na mwaka 1985 ardhi ile ikauzwa. Nalipoisoma habari hiyo nalitambua ya kuwa kushika ardhi pamoja ni mwanzo tu. Kuitunza isiwekwe rehani wala kumegwa ni kazi ya kila mwaka.

Maana msitu wetu haukuwa karibu kupotea kwa ajili ya yule mfanya biashara tu. Yeye alikuja mchana, tukamwona, tukakutana, tukamkatalia. Adui aliyekuwa akiumaliza ni tuta moja la kila mwaka, nalo lililimwa na mwalimu wa kijiji.

Mninga ule ungaliko, na miche imeota pale palipokuwa mahindi yangu. Yule bibi amekwisha kufariki. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza huwachukua watoto wa darasa la tano, tukautembea mpaka wote kwa miguu, nikawaonyesha kila alama. Tufikapo kwenye mninga, huwasimulia habari hii yote bila kuficha, ili siku nitakapozeeka nikasahau mpaka wangu, awepo mmoja wao wa kunionyesha kwa mkongojo.