Ufa Ndani ya Jiko

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na maneno hayo ni kweli kwa nyumba. Lakini karani mmoja wa Changamwe, aliyeyashika maneno hayo kama yalivyo, nusura alete msiba nyumbani kwake, kwa sababu ufa alioziba haukuwa wa ukuta, ulikuwa wa jiko.

Mke wa karani huyo alikuwa akipika mahamri ya kuuza. Kila alfajiri, kabla ya wafanyakazi kushika njia ya bandarini na viwandani, alikuwa ameketi uani mbele ya jiko lake la makaa, karai la mafuta likiwa juu ya moto na unga uliokandwa tangu usiku ukiwa kando yake. Mshahara wa mumewe uliishia katika kodi ya nyumba na karo. Kitoweo, sabuni na viatu vya watoto vilitoka katika karai lile. Basi jiko lile lilikuwa ni duka lao.

Lilikuwa jiko la namna inayojulikana sana Kenya: nje bati lenye kiuno chembamba, na ndani chungu cha udongo uliochomwa, chenye matundu katika kitako chake ya kupitisha hewa na majivu. Majiko ya bati tupu ni ya zamani. Inasemekana yaliletwa na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Chungu cha ndani kilikuja baadaye sana. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi juu ya nishati mpya, na katika miaka iliyofuata wataalamu na mafundi wa Kenya walitazama mfano wa majiko ya udongo ya Thailand, wakauunganisha na kazi ya bati ya kwao. Faida yake ni kwamba udongo hulizuia joto lisipotee pembeni, na hivyo makaa machache hufanya kazi ya makaa mengi. Hasara yake ni moja: udongo hupasuka.

Ilikuwa mwaka 2018. Mwezi wa Februari mwaka huo Serikali ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ilikuwa imepanda. Karani, ambaye kazi yake ilikuwa hesabu, alipiga hesabu nyumbani pia. Alimwagiza mkewe kwamba asiache makaa yakaungua bure baada ya kazi. Ayamwagie maji papo hapo, yapate kukauka na kutumika kesho. Mke akatii. Baada ya wiki chache akasema, “Baba watoto, jiko limepasuka ndani.” Karani hakuinua macho katika gazeti lake. Alipoambiwa mara ya pili alikwenda kutazama, akaona ufa umeshuka ubavuni ukakata kitako kati ya matundu mawili. Aliomba saruji kidogo kwa waashi waliokuwa wakijenga jirani, akaikoroga, akauziba ufa kwa kijiko, akalilainisha jambo hilo vizuri hata likapendeza. Alijisifu kwamba ameokoa fedha za fundi.

Kwa siku tatu jiko lilipika. Siku ya nne, karai likiwa limejaa mafuta yanayochemka, kitako kilikatika. Makaa yakaporomoka chini, mengine yakatokea mlangoni mwa jiko na kuangukia mkeka. Karai likainama, na mafuta yakamwagika pale pale alipozoea kuketi mtoto mdogo akingoja hamri lake la kwanza. Kwa bahati njema dada yake alikuwa amemwita ndani kitambo kidogo kumvika viatu. Hakuungua mtu. Mkeka uliungua, unga ukaharibika, na wateja wakaenda kununua kwingine. Mke alizima moto kwa mchanga, akamtazama mumewe, akasema, “Mafuta yale yangemwangukia mtoto, saruji yako ingetufaa nini?” Karani hakuwa na jibu.

Jumamosi ile wote wawili wakalichukua jiko, wakavuka Makupa kuingia kisiwani, wakapita daraja la Nyali, wakafika upande wa Kisauni kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza majiko karibu na soko la Kongowea. Walipomwamkia akawaitikia, akalipindua jiko, akakichokoa kipande cha saruji kwa ukucha. Kikamomonyoka kama chumvi.

“Huuzimaje moto, bwana?” akauliza mzee.

Karani alinyamaza, kwa kuwa hakupata kuuzima hata siku moja. Mkewe akajibu, “Humwagia maji, mzee. Ndivyo tulivyopatana.” Hakusema ni nani aliyetoa amri hiyo, na karani alimshukuru moyoni kwa sitara hiyo.

Mzee akawaeleza. Udongo ukishika moto hutanuka. Ukimwagiwa maji, upande wa ndani hunywea ghafula hali upande wa nje ungali na joto, na kwa kuvutana huko udongo huraruka. Makaa yenye majimaji, chungu kinachofurika, na kuchokoa majivu kwa chuma kizito, yote huleta madhara ya namna hiyo. Tena saruji ya ukutani si kitu cha kukaa motoni. Ikipashwa moto mkali kila siku hupoteza maji yaliyoishikamanisha, ikarudi kuwa vumbi. Mwenye kuziba ufa kwa saruji hiyo huufunika macho yake tu.

“Lakini si kila ufa ni ugonjwa,” akasema mzee. “Ufa mwembamba kama unywele, uliosimama ubavuni, uache, bati na saruji ya nyuma vinaushika. Ufa uliokata kitako, au kipande kinachocheza ukikigusa, usiutibu. Kitoe, utie chungu kingine.”

Ndivyo alivyofanya. Aliibandua saruji ya zamani kwa patasi, polepole, akakitoa chungu kilichovunjika. Akalikagua bati, maana hewa ya chumvi ya pwani hulila bati kabla ya wakati wake, na bati lililooza halifai kutiwa chungu kipya. Kisha akachagua chungu kwa kukigonga kwa kifundo cha kidole: kilicho kizima hulia kama kengele, na chenye ufa wa siri hutoa sauti iliyokufa. Alikilowesha kisije kikanywa maji ya saruji, akakikalisha katikati, na pengo kati yake na bati akalijaza saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, yaani madini mepesi yenye magamba, yanayozuia joto na kukipa chungu nafasi ya kutanuka. Mwisho akawapa masharti: jiko likae kivulini siku kadhaa likifunikwa gunia bichi, kisha liachwe likauke; moto wa kwanza uwe wa makaa machache, na wa pili uzidi kidogo. Moto usizimwe kwa maji tena. Makaa yatolewe kwa koleo yatiwe katika debe lenye kifuniko; yakikosa hewa yatazimika yenyewe, na kesho yatawaka yakiwa makavu.

Gharama yote ilikuwa chini ya bei ya jiko jipya, na pungufu sana kuliko hasara ya asubuhi ile moja.

Miezi mingi baadaye ufa mwembamba ulitokea tena ubavuni mwa chungu. Karani aliuona yeye mwenyewe, kwa kuwa sasa alikuwa akiamka alfajiri kuwasha moto. Mkono wake ulitamani kutafuta kitu cha kuuziba. Lakini kwanza alimwita mkewe, akamwuliza, “Mama watoto, huu je?” Mkewe akainama, akaupitisha ukucha juu yake, akagonga kitako mara moja, akasikiliza.

“Huo uache,” akasema. “Lete karai.”