Hanang na kichwa cha habari nilichokiwahi

Katika kazi hii kuna stori unaiandika, inachapwa, kesho yake watu wanafungia maandazi, lakini wewe bado inakunyima usingizi. Yangu ni ile ya Hanang.

Mnakumbuka. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuvamia mji wa Katesh na maeneo ya jirani, Gendabi ikiwamo. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mimi, kabla hata sijapanda basi, nilishakuwa na kichwa cha habari: wamekata miti, mlima umelipa kisasi. Sisi wa mjini tunaipenda stori ya namna hiyo. Tunakula chipsi zilizokaangwa kwa mkaa huku tukiwasuta wakata miti!

Gendabi nilimkuta mzee amesimama pembeni ya kilichokuwa shamba lake. Baada ya shikamoo nikamuuliza habari za miti. Hakukasirika. Alinyoosha fimbo kuelekea juu, akaniuliza kama ninaona mtu yeyote analima kule.

Nikanyamaza. Wataalamu wa miamba waliotumwa na serikali nao walikuja kueleza kwamba ni sehemu ya mlima wenyewe iliyomeguka. Hanang ni volkano ya kale, ina urefu wa zaidi ya mita 3,400, na sehemu ya miamba yake ni laini. Mvua za vuli mwaka ule zilibebwa na El Niño. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatahadharisha tangu Agosti. Mwamba laini ukinyonya maji unakuwa mzito, na wakati huohuo maji yanalegeza kile kilichoushikilia. Ukimeguka kwenye mteremko mkali unageuka uji mzito, na uji ule hubeba mawe makubwa kama nyumba ndogo. Haukuwa mlipuko wa volkano, ingawa uvumi huo ulizagaa sana siku zile.

Basi binadamu hana lake? Analo, tena kubwa. Mteremko uliolimwa na korongo lililovuliwa miti yake havipunguzi kasi ya tope, vinaliongezea mzigo. Na tope hufuata njia ya maji. Tulichojenga kwenye njia hiyo ndicho kilichoamua nani afe. Lakini hapa ndipo kalamu yangu iligoma: ardhi ile nzuri chini ya mlima, watu wanaifuata kwa sababu ina rutuba, na rutuba hiyo imeshushwa na mlima huohuo, kidogo kidogo, kwa miaka mingi mno. Utamwambiaje mkulima aikimbie?

Baadaye zilijengwa nyumba 109 kule Waret kwa ajili ya waathirika. Ni jambo jema. Ila nilipokuwa naaga Gendabi, kabla hata ya mipango hiyo, yule mzee alishaniuliza: "Mwanangu, wakitujengea mbali, na shamba nalo watalihamisha?"

Niliandika swali lake kwenye daftari. Gazetini halikutoka. Nafasi ilijaa miti.