Santuri za Tanga: nasaha kwa mpwa anayeanza kukusanya

Kwa mpwa wangu, Makuyuni, Korogwe.

Yahusu ukusanyaji wa santuri.

Santuri za zamani za Afrika Mashariki ni za aina tatu. Za kwanza ni zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa gundi ya wadudu iitwayo sheleki. Ndizo alizorekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928, na zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo. Za pili ni ndogo za plastiki, inchi 7, mizunguko 45. Za tatu ni kubwa za inchi 12, mizunguko 33, ambazo zamani hazikununuliwa na kila mtu. Anayekusanya akiwa Korogwe au Handeni atakutana zaidi na za 45, wala hapotezi kitu, maana bendi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zilitoa nyimbo zao nyingi kwa ukubwa huo.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kusoma lebo, ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati. Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha santuri kilichofanya kazi. Bendi ilipiga Tanga, Morogoro au Dar es Salaam, lakini santuri yenyewe ilitengenezwa Kenya. Kwa hiyo santuri ya Tanga mara nyingi ina anwani ya Nairobi au Mombasa, na mkusanyaji mgeni huiweka kando akidhani ni ya Wakenya. Mfano mzuri ni lebo ya Mzuri, mali ya duka la Assanand & Sons la Mombasa. Humo ndimo zilimotoka taarabu za Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya Tanga vilivyoimbiwa na Shakila Said, mzaliwa wa Pangani. Asiyejua majina ya vikundi hivyo atazipita zikiwa mkononi mwake.

Majina ya bendi nayo yanataka uangalifu, kwa kuwa watu walihama na bendi zikabadili majina. Jamhuri Jazz ya Tanga ilianza ikiitwa Young Nyamwezi, jina linalokumbusha vijana wa bara waliofuata kazi za mkonge katika mkoa huu. Ndugu Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, kisha mwaka 1971 wakaingia Kenya na kuanzisha Simba Wanyika. Baadhi ya waliojitenga nao mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika. Mwenye kutaka muziki wa Tanga hawezi basi kuishia kwenye neno Tanga. Afuate watu walikokwenda. Atomic Jazz, bendi nyingine ya Tanga, ni ya kutafuta kwa udi na uvumba, na kwa maoni ya mwandishi wa barua hii magitaa yake yanapita ya bendi nyingi za Dar es Salaam zilizosifiwa kuliko hiyo.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo, na njia ya santuri ikakatika. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, kaseti zikiwa zimeshaenea. Ndiyo sababu santuri nyingi za dansi zinazotoka kwenye masanduku ya wazee wa huku ni za kabla ya 1977.

Kuna nyimbo ambazo hazitapatikana hata mtu akizunguka nchi nzima. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwenye kanda kwa ajili ya matangazo yake, na nyingi kati ya kanda hizo hazikuwahi kuwa santuri. Wimbo uliosikika redioni kila Jumapili si lazima uwe uliuzwa dukani. Kabla ya kuhangaika, mkusanyaji aulize kwanza kama santuri hiyo ilipata kuwepo.

Kuhusu hali ya santuri, wanaosifika ulimwenguni kwa utunzaji ni Wajapani. Santuri zao za jazz, kama zile za kampuni ya Three Blind Mice iliyoanzishwa mwaka 1970, au Scenery ya mpiga piano Ryo Fukui ya mwaka 1976, hutafutwa zikiwa na jalada safi na ule utepe wa karatasi unaozunguka jalada. Utepe ukikosekana bei inashuka. Lakini kipimo cha Wajapani hakifai kuletwa Korogwe kilivyo. Santuri ya 45 ya hapa iliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi tu, ikapigwa baa usiku kucha, ikaazimwa harusini. Anayesubiri iliyo safi kabisa atasubiri sana. Inayofaa ni ile inayocheza mwanzo hadi mwisho bila sindano kuruka.

Kuikagua, santuri hushikwa kwa ukingo na kuinamishwa kwenye mwanga wa dirisha. Mikwaruzo myepesi inayoonekana lakini haigusiki kwa ukucha haina neno. Inayokwaza ukucha itarusha sindano. Pande zote mbili zikaguliwe, kwa sababu wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, chemko, yaani sehemu ya kuchezea, upande wa pili. Wachezaji walitaka chemko, kwa hiyo huo ndio upande unaochakaa zaidi.

Kwenye gramafoni ndiko pesa ziende kwanza. Visanduku vya bei rahisi vyenye sindano nzito vinakula santuri. Mkono mzuri wa sindano hulemea kwa gramu 2 hivi. Santuri za 78 zina sindano yake, nene mara tatu hivi kuliko ya 45, na kuzichanganya ni kuharibu vyote viwili. Kuosha ni kwa maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, kufuata mzunguko wa mistari kwa kitambaa laini, bila kulowesha lebo. Spiriti isiguse kabisa santuri ya 78, kwani inayeyusha sheleki. Kisha zisimamishwe wima, zisilazwe moja juu ya nyingine, na zisiachwe kwenye gari juani. Plastiki yake hulegea joto likikaribia nyuzi 60, na santuri iliyopinda hainyooki vizuri tena.

Limebaki suala la wenye mali. Wazee wengi hawajui kwamba santuri zao zina wanunuzi Ulaya na Japani, na wapo wachuuzi wanaozibeba kwa bei ya karatasi chakavu. Huo ni wizi wenye tabasamu. Mnunuzi amweleze mwenyewe thamani, halafu wapatane. Aandike pia kwenye daftari: ilinunuliwa lini na wapi, nani anakumbuka kuicheza, katika klabu ya shamba gani la mkonge. Akitaka kuiweka nakala mtandaoni, haki za wasanii na warithi wao zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999, na ofisi ya kuulizia ni COSOTA.

Pa kuanzia ni karibu. Waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Ngombezi, Magunga na Kwamdulu bado wapo Korogwe, ingawa wanapungua kila mwaka. Waendewe hao kwanza, mwezi huu, kabla ya safari yoyote ya Nairobi.

Wasalaam,
Mjomba wako.