Mtungi Mweupe, Mtungi wa Bluu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijana wa Mwanza aliyetaka kuwa fundi friji hakujaza fomu yoyote. Alimtafuta fundi, akamwamkia, akaomba kumbebea begi la vifaa. Akikubaliwa, miezi ya kwanza ilikuwa ya kusugua vumbi na mafuta nyuma ya friji za watu, kupiga rangi milango iliyoota kutu na kutumwa chai. Fundi mmoja ambaye leo ana karakana yake Kirumba alipita njia hiyohiyo. Mwalimu wake, mzee aliyekuwa na kibanda cha matengenezo jirani na Makoroboi, hakuwa na cheti wala kitabu. Alikuwa na sikio na mkono.

Sikio lilikuwa la kusikiliza kompresa, mkono wa kupima gesi. Gesi ilipokuwa ikiingia, mzee alishika bomba linalorudi kwenye kompresa kwa vidole viwili. Likibaki vuguvugu, gesi haijatosha. Likipoa na kutoa jasho, anafunga mtungi. Likiota barafu mpaka karibu na kompresa, amezidisha, na ile ziada hufunguliwa ikaenda zake hewani kwa mluzi mrefu huku wapita njia wakigeuka kutazama. “Kijana wangu, friji ikishiba itakwambia yenyewe,” ndilo lilikuwa somo lote. Mizani ilikuwa ya wauza dagaa.

Somo hilo liliwezekana kwa sababu ya gesi yenyewe. R-12, iliyokuja katika mtungi mweupe, ilikuwa mpole: haishiki moto, hainuki, na fundi akikosea kidogo inamvumilia.

Kasoro iliyowasumbua zaidi ilikuwa uvujaji, na hapo mzee alitoa kifaa alichokithamini kuliko vyote, taa ndogo ya gesi yenye mpira wa kuvutia hewa. Aliiwasha, akapitisha ncha ya mpira taratibu kwenye kila kiungo. Mwali ulikuwa wa bluu. Ncha ilipofika penye tundu, hata kama tundu ni la kuingia sindano tu, mwali uligeuka kijani, kwa sababu klorini iliyomo ndani ya R-12 ilikutana na shaba ya moto. Wanafunzi waliipenda taa ile. Hawakujua kwamba R-12 ikiungua hutoa pia fosijini, sumu iliyoua askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Walichojua ni kwamba koo linawasha na kwamba baadaye ni vizuri kunywa maziwa, dawa ambayo haitibu chochote.

Lakini aliyewafumbua macho mafundi wa Mwanza alikuwa sangara. Samaki huyu alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akalitawala katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa kandokando ya ziwa. Mji uliozoea friji za soda na za bucha ukaanza kuhitaji mashine za barafu, vyumba vya kugandishia vyenye baridi ya nyuzi 35 na zaidi chini ya sifuri, na maghala yasiyopanda juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Maboti yalikwenda visiwani yamejaa barafu, yakarudi yamejaa samaki. Fundi wetu aliingia kiwandani kama kibarua wa zamu ya usiku. Huko alikuta kompresa kubwa kuliko kitanda chake, na akafundishwa kuiheshimu amonia, gesi ambayo ikivuja haihitaji taa ya kuitafuta. Pua inatosha, na miguu inafuata.

Kisha masoko yakafungwa. Kati ya mwaka 1997 na 1999 samaki wa Ziwa Victoria walizuiwa kuingia Ulaya mara kadhaa: kwanza kwa hofu ya bakteria wa salmonela, mwaka 1998 kwa sababu ya kipindupindu, na mwaka 1999 baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Vibarua wengi walirudi nyumbani. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo lililokuwa la fundi friji, lakini masoko yalipofunguliwa tena, kazi yake haikuwa ileile. Wakaguzi walitaka kuona maandishi. Mtu ambaye hajawahi kuandika chochote kazini akapewa daftari lenye safu za saa, chumba, nyuzi joto na sahihi. Yeye anasema daftari hilo lilimfundisha kuliko miaka yote ya kubeba begi. Baada ya wiki chache aliona kwa macho yake kwamba chumba kimoja kinapanda joto kila alasiri. Kompresa haikuwa na tatizo. Mpira wa mlango ulikuwa umechoka, na alasiri ndipo mikokoteni ilipoingia na kutoka sana. Kwa sikio tu, angefungua mashine nzima.

Wakati huohuo mtungi mweupe ulikuwa unaaga. Klorini ileile iliyogeuza mwali kuwa kijani ndiyo iliyokuwa ikila tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini mwaka 1987, Tanzania ikajiunga mwaka 1993, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi mwaka 2010 kuachana na gesi za aina ya R-12. Mahali pake ikaja R-134a, mtungi wa bluu hafifu. Haina klorini, kwa hiyo ile taa ikapofuka: mwali ulibaki bluu hata gesi ikivuja mbele yake. Mafuta yake ya kompresa nayo hunyonya unyevu haraka. Mfumo ukiachwa wazi msimu wa masika, maji huingia, huganda ndani ya kapilari, lile bomba jembamba la kupitishia gesi, na friji hugoma, kisha hufanya kazi, kisha hugoma tena. Ikabidi kila kijana ajifunze kutumia pampu ya kuvuta hewa.

Hapo Mwanza ikawa na kituko chake. Maelekezo mengi husema geji ishuke hadi karibu inchi 30 za zebaki. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji husimama kwenye inchi 26 hivi hata pampu iwe mpya kutoka dukani. Vijana waliobeba madaftari ya Dar es Salaam walilaumu pampu, wakaifungua, wakaiharibu kwelikweli.

Shule nayo ilikuwa imebadilika. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo chuo chake cha Mwanza kiko Nyakato. Zamani fundi alianza daraja la tatu akipanda kwenda la kwanza. Siku hizi anaanza ngazi ya kwanza akipanda kwenda ya tatu, na wazee bado hubishana nani mkubwa. VETA pia huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, utaratibu ambao ulipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza. Anayejua kazi anajua kazi.

Ila kujua kwenyewe kumegeuka. Friji nyingi mpya za nyumbani zina R-600a, ndugu wa gesi ya kupikia. Haidhuru ozoni, na friji nzima kwa kawaida huhitaji chini ya gramu 100, kiasi ambacho mkono hauwezi kukadiria. Inashika moto. Fundi anayeiachia chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, kisha akawasha tochi aunge bomba, anaweza kulipuka pamoja na jiko la mwenye nyumba. Fundi wa Kirumba hawaruhusu wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kuwasha moto kabla hawajamsomea kwa sauti kibandiko kilicho karibu na kompresa.

Msomaji naye akasome cha friji yake. Kama kimeandikwa R600a, muulize fundi unayemwita kama amekuja na mizani. Akiwa hana, mpe nauli yake na umwite mwingine.