Tikiti la Tinde, Viazi vya Geita

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Kahama na hatimaye Geita, ndugu msomaji, usijaze kikapu mapema. Njia yenyewe inalisha, hasa mvua zinapokatika, na mwezi wa Juni kando ya barabara hujaa vyakula. Mimi sikulijua hilo. Nilinunua tikiti maji stendi, kwa kijana mchangamfu aliyelifuta kwa kitambaa hadi likang'aa kama kiatu cha sherehe. Tulipolipasua njiani lilikuwa jeupe ndani, na ladha yake ilikuwa ya maji ya mtungi.

Tulipofika Tinde nilimkuta mama mmoja ameketi nyuma ya rundo la matikiti. Nikaanza kuyapiga moja baada ya jingine kwa mkono wangu wa mjini.

"Mwanangu," aliniambia, "unabisha hodi na humsikilizi mwenyeji."

Nikamwomba anifundishe. "Sawa, mayu," nilisema kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, naye akacheka, kisha akaligeuza tikiti kitako juu. Tazama kwanza mahali lilipolalia ardhini. Doa likiwa jeupe au la kijani hafifu, liache. Likiwa la manjano iliyokolea kama siagi, lilikaa shambani hadi likaiva. Ganda linalong'aa sana nalo lisikudanganye, maana tikiti lililokomaa hufifia. Ukiwa shambani, angalia kikono kilicho karibu na kikonyo cha tunda: kikikauka, wakati umefika. Kisha ndipo ugonge. Sauti kali kama ya kugonga paji la uso ni ya tikiti bichi. Sauti nzito kama ya kifua ni ya lililoiva. Na likijibu kwa uvivu kama tumbo la mtu aliyeshiba, limepita wakati wake. Mwisho linyanyue. Katika mawili yaliyo sawa kwa ukubwa, chukua zito. Wala usinunue bichi kwa matumaini kwamba litaivia nyumbani, kwa kuwa tikiti likishakatwa haliongezi utamu asilani.

Nilichukua mawili, tukaendelea na safari.

Baada ya Kahama harufu ya nchi hubadilika. Minyaa iliyozunguka miji ya Wasukuma hupungua, na badala yake utaona vifusi vya udongo na kusikia ngurumo za makarasha yanayosaga mawe. Dhahabu ya Geita si habari ya juzi: mgodi wa zamani ulichimbwa tangu enzi za mkoloni hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Lakini maelfu ya watu wanaoshinda mashimoni hawalimi, nao hula kila siku. Kwa hiyo mnunuzi wa viazi vitamu hangoji soko. Huja na gari hadi kwenye tuta.

Nililala kwa jamaa zangu, si mbali na Katoro. Hapo ndipo nilipokuta ugomvi wa kimya kimya. Mwaka uliotangulia walikuwa wameuza viazi vyote vibichi, gunia hadi gunia. Fedha iliezeka nyumba bati, jambo jema. Ila ilipofika Januari, mahindi mapya yakiwa bado machanga shambani, mama wa nyumba ile alinunua chakula kwa bei ya machimboni, na watoto wakazoea kula mara moja kwa siku. Safari hii alikuwa ametenga magunia matatu ya michembe na hataki yaguswe. Mumewe alikuwa tayari ameahidi kuyauza.

Kwa msomaji asiyejua: viazi vitamu vikimenywa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani, huwa michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, huwa matobolwa. Vikikauka vizuri vinavuka miezi ya njaa bila kuoza, na michembe iliyopikwa na karanga sijaona wa kuikataa.

Jioni ile tulipika pamoja saladi, kwa viazi vilivyokatika jembeni, maana hivyo havihifadhiki. Chagua viazi vigumu visivyo na majimaji. Vichemshe na maganda yake, uvitoe mara kisu kinapopenya. Vikizidi utapata rojo. Vipoe kabisa, menya, kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kata kitunguu chembamba, kifikiche kwa chumvi na kukiosha, ongeza nyanya iliyotolewa mbegu, pilipili kidogo, maji ya ndimu, na karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Ukipenda viazi mviringo, njia ni ile ile. Ule mchuzi mzito wa mayai mabichi na mafuta waachie wenye majokofu, na saladi yoyote isizidi saa 2 kwenye joto.

Tulikula, tukapasua tikiti, nalo lilikuwa jekundu hadi kwenye ganda. Baba wa nyumba alikula vipande vinne bila kusema neno. Kisha akauliza kisu kikubwa kiko wapi.

Asubuhi mnunuzi alipofika alipewa gunia moja. Mengine mawili yalikuwa yameanza kukatwa, na watoto walikuwa juu ya jabali nyuma ya nyumba wakitandaza michembe na kufukuza kuku.