Ua la Mwambani na Kivuli Chake

Iko mimea ambayo Mwenyezi Mungu ameijalia kuishi popote, kama nyasi za kando ya njia. Na iko mingine isiyokubali ila pahali pake penyewe. Katika hiyo ya pili limo ua dogo la zambarau la pwani ya Tanga na milima ya Usambara, ambalo leo hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na wengi wanaolimwagilia maji hawajui kwamba kwao ni kwetu.

Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, aliliona, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaliandika kwa jina la Saintpaulia. (Tangu 2015 wataalamu wameliingiza katika ukoo wa Streptocarpus, majina ya wataalamu hayatulii.)

Lakini makao yake ndiyo yatupasayo kuyafahamu. Hukaa katika nyufa za majabali, juu ya majani yaliyooza yasiyojaa hata gao, chini ya miti mikubwa, penye unyevu. Jua kali huyaunguza majani yake yenye vinyweleo. Kwa hiyo mtu aweza kuliua asiliguse: akikata mti ulifunikao jabali, jabali hukauka, na ua hufa. Aina zake nyingine hazipatikani ila katika mabonde machache tu. Ile ya Kaloleni, pwani ya Kenya, imo katika hatari kubwa ya kutoweka. Na yale ya madirishani, kwa wingi wake wote, asili yake ni wazazi wachache, wala hayawezi kurudisha kilichopotea mwambani.

Sisi tukaao Omurushaka, katika nchi ya migomba, mbali na bahari, tusingaliandika haya lau si barua ya kijana tuliyemsomesha Juzuu ya Amma, ambaye sasa yuko Tanga akitafuta riziki. Asema yuko mtu amtakaye ang'oe maua hayo mwambani, amlipe kwa kila shina. Naye ana watoto wawili wanaodaiwa ada. Akatuuliza: "Maalim, cha porini si cha kila mtu?"

Swali lake si la upuuzi. Sisi wenyewe hapa twachuma dawa vichakani, wala hatumwombi mtu ruhusa. Lakini achumaye jani huuacha mzizi. Na vichaka vyetu, tusijidanganye, navyo vimepungua.

Tulimjibu kwamba ua hili halina haja ya kung'olewa. Jani moja la ua lililopandwa katika kopo, kikonyo chake kikichomekwa katika udongo mwepesi wenye unyevu, hutoa mizizi, na baada ya wiki kadha huchipuza miche midogo. Basi na aombe jani hilo katika nyumba za watu mjini, auze miche ya mkono wake. Faida itakawia, na ada hazingoji. Hilo twalijua, na tumemtumia kidogo tulichokuwa nacho. Lakini mwamba ukishavuliwa maua yake, mwakani atauza nini?

Hajajibu bado. Tumemwomba pia atazame kama miti iliyo juu ya mwamba ule ingali imesimama, maana katika barua yake alitaja shoka, kwa neno moja tu, akapita.