Kamba ya Mkonge

Mwaka 1978 nilikuwa kijana wa miaka 19, mwalimu wa UPE, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, nikishuka na mabegi yangu kutoka kwenye lori lililotutoa Kasulu kupitia Makere hadi kijiji kimoja cha Kibondo. Sisi wa UPE tulimaliza darasa la saba tukakabidhiwa chaki. Ualimu wenyewe tuliusomea huku tunafundisha, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Agizo la Novemba 1977, kila mtoto aende shule, lilileta watoto kabla ya madarasa. Darasa langu la sita lilikaa chini ya mwembe.

Tukaamua kujenga. Nikajiambia hapo hapo ndipo pa kufundishia mstatili.

Nilikuwa na rula ya mbao ya mita moja. Tukaitumia kupiga mafundo kwenye kamba ya katani, fundo kila mita. Urefu mita 8, upana mita 6, vigingi vinne. Nikauliza mstatili ni nini. Wakaitika kama nilivyowakaririsha: umbo la pande nne, zinazokabiliana zikilingana. Tukapima, zikalingana. Tukachimba msingi siku mbili.

Siku ya tatu akapita mzee mmoja aliyewahi kuwa manamba Tanga. Enzi za mkoloni Buha, eneo hilo la Waha, ilitoa vibarua wengi wa mkonge, na wazee wa rika lake walizijua siku thelathini za kipande, ile kadi ya kazi, kuliko kalenda.

"Mwakeye, mwalimu."

Nikaitikia. Akaegemea jembe, akafumba jicho moja.

"Hii nyumba imelala."

"Tumepima, babu," nikasema. Kiburi cha ujana, nakiri.

Hakubishana. Aliomba kamba, akamtuma mtoto na ncha moja hadi kona ya mbali. Mafundo kumi na nusu. Wakahamia kona mbili zilizobaki: tisa na nusu, tena haikutimia.

Watoto wakanitazama mimi, si yeye. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake darasani, alivunja vijiti vinne vya mtama, viwili virefu, viwili vifupi, akavifunga kwa nyuzi za mgomba. Akausukuma upande wa juu kwa kidole. Umbo likalala, vijiti vikabaki vile vile.

"Mwalimu, bado zinalingana."

Jioni, kwenye kibatari, nikarudia kitabu na kukuta maneno niliyoyaruka: pembe zote ziwe nyuzi 90. Kesho yake tukavuta kamba upya mpaka mishazari yote miwili ikatoa mita 10 kamili. Mzee hakuwahi kumsikia Pythagoras, na mimi sikumtaja siku hiyo.

Mtaro wa kwanza tuliufukia, lakini kila masika udongo ulizama, ukaonekana mstari uliokwenda mshazari kando ya ukuta. Nilihamishwa kurudi Kasulu mwaka 1984 ukiwa bado unaonekana. Mgeni akiuliza, watoto walimwambia hapo ndipo mwalimu alipozika mstatili wake.